Meli Iliyokwama Hispania: Vyama, Bunge na Fedha za Ulinzi wa Kenya

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, Hazina ya Kitaifa huwasilisha katika Bunge la Kitaifa makadirio ya matumizi ya serikali kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, na ndani ya vitabu hivyo vinene fedha za ulinzi zimo katika mafungu mawili ambayo msomaji wa kawaida huyapita upesi: fungu namba 1041, la Wizara ya Ulinzi, ambalo hulipia mishahara, chakula, mafuta, silaha na mitambo ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, yaani KDF, na fungu namba 1281, la Idara ya Kitaifa ya Ujasusi. Wizara ya Elimu hulazimika kueleza idadi ya walimu watakaoajiriwa, na ile ya Maji idadi ya visima vitakavyochimbwa, ilhali mafungu haya mawili huelezwa kwa mistari michache tu, ingawa katika mwaka wa fedha wa 2024/2025 fungu la ulinzi peke yake lilipita shilingi bilioni 170 na mwaka uliofuata likapanda hadi karibu bilioni 200.

Mazungumzo haya yanachunguza jinsi uhasama wa vyama unavyokwamisha maamuzi kuhusu fedha hizo, na yanashikilia kwamba madhara makubwa ya uhasama huo hayaonekani katika kiasi cha pesa kinachotengwa, kwa kuwa kiasi hicho huongezeka chini ya kila serikali, bali huonekana katika namna maamuzi yenyewe yanavyofanywa: hucheleweshwa kwa miaka huku mirengo ikirushiana lawama, kisha maafa yakitokea hupitishwa kwa siku moja bila kupekuliwa. Neno ulinzi linatumika hapa kwa maana pana kidogo, likihusisha jeshi lenyewe pamoja na vyombo vinavyolinda mipaka ya nchi kavu na ya maji, kwa sababu Kifungu cha 239 cha Katiba ya 2010 kinataja KDF, ujasusi na Huduma ya Kitaifa ya Polisi kwa pamoja kuwa vyombo vya usalama wa taifa.

Mkazi wa Migosi, mtaa wa Kisumu unaopakana na Kondele, ana sababu ya kulifuatilia suala hili kwa karibu kuliko Wakenya wengine wengi. Kwa miongo mingi eneo lake limepigia kura vyama vilivyokuwa upinzani, na kwa miongo hiyo hiyo fedha za usalama zimemfikia zaidi kama gesi ya kutoza machozi na risasi za siku za uchaguzi kuliko kama ulinzi; Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilibaini kwamba wengi wa waliouawa Kisumu walipigwa risasi na polisi. Mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo akisikia kwamba wabunge wake wamepinga ongezeko la fedha za usalama, si ajabu akashangilia, wala hafai kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo mkazi huyo huyo anaishi kando ya ziwa lenye mpaka unaogombaniwa, na wavuvi wanaomletea kitoweo hukamatwa huko majini, kwa hiyo anauhitaji ulinzi ambao mabishano ya vyama yamechelewesha.

Historia ya mkwamo huu inaanza mapema, mara tu baada ya uhuru. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kambi ya Lanet karibu na Nakuru waliasi, na serikali ya Jomo Kenyatta ikalazimika kuomba jeshi la Uingereza lizime uasi huo, wakati ambapo kaskazini mashariki vita vya Shifta vilikuwa vimeshaanza. Jeshi lilihitaji silaha, mafunzo na fedha, na hakuna kiongozi aliyelipinga jambo hilo. Walichotofautiana viongozi wa chama tawala cha KANU ni zitoke wapi. Jaramogi Oginga Odinga, ambaye mwaka 1964 alizuru Moscow na Peking kutafuta misaada, alitaka taifa changa lisitegemee Uingereza peke yake, huku kundi lililokuwa karibu na Kenyatta, Tom Mboya akiwa mmoja wa vinara wake, likiona kwamba misaada ya mashariki ingejenga nguvu za Odinga ndani ya chama na serikalini. Chama cha KADU kilikuwa kimevunjwa Novemba 1964 na wanachama wake kujiunga na KANU, hivi kwamba ugomvi uliobaki ulikuwa wa makundi mawili ndani ya chama kimoja.

Mwezi Aprili 1965 meli ya Kisovieti iliyoitwa Fizik Lebedev ilitia nanga Mombasa ikiwa na shehena ya silaha. Serikali ilizikataa, Kenyatta akieleza kwamba zilikuwa silaha kuukuu zisizofaa jeshi la kisasa, na meli ikaondoka na shehena yake. Mwezi uliofuata malori yaliyobeba silaha za Kichina kutoka Tanzania kwenda Uganda yalikamatwa yakipita Nyanza Kusini bila ruhusa ya Kenya, na ingawa kiongozi wa Uganda, Milton Obote, alikiri kuwa mzigo huo ni wa nchi yake, minong'ono iliyokuwa Nairobi kuhusu silaha, Nyanza na Odinga haikutulia tena. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuunda Kenya People's Union, yaani KPU, na baada ya vifo vya tarehe 25 Oktoba 1969 wakati Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, chama hicho kilipigwa marufuku.

Inawezekana kabisa kwamba silaha za Fizik Lebedev zilikuwa mbovu kama ilivyosemwa. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba swali la kitaalamu, yaani jeshi la Kenya lilihitaji bunduki za aina gani, kwa idadi gani na kwa gharama ipi, lilimezwa na swali la kisiasa la nani angejipatia sifa kwa kuzileta. Tangu hapo mazoea yakajengeka kwamba zana za kijeshi hupimwa kwanza kwa jina la mwanasiasa anayezitetea, na mazoea hayo yakarithiwa na mfumo wa vyama vingi uliorejea mwaka 1991.

Mfano ulio wazi zaidi wa zama za vyama vingi ni wa meli nyingine, ile ya doria inayoitwa KNS Jasiri. Mwaka 2003, serikali ya muungano wa NARC ikiwa na miezi michache madarakani, ulitiwa saini mkataba na kampuni iliyoitwa Euromarine wa kuunda meli hiyo katika karakana ya Astilleros Gondán nchini Hispania kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 4.1. Hitaji lenyewe lilikuwa la kweli, kwa kuwa Kenya ina pwani ndefu, bandari inayohudumia nchi kadhaa za bara, na jirani wa kaskazini ambaye kwa wakati huo hakuwa na serikali ya kulinda bahari yake. Lakini mwaka 2004 nyaraka zilizowekwa mezani bungeni kuhusu zabuni ya pasipoti zilifichua kashfa ya Anglo Leasing, ambayo ilikuwa msururu wa kandarasi 18 za usalama, nyingine zilizoanza chini ya KANU na nyingine zilizoendelezwa chini ya NARC, ambapo kampuni zisizojulikana zililipwa au kuahidiwa malipo kwa bei za kuruka. Mkataba wa meli ukawekwa katika orodha hiyo, malipo yakasimamishwa, na John Githongo, katibu aliyekuwa akisimamia maadili serikalini, akajiuzulu Februari 2005.

Hadi hapo hakuna kosa. Bunge na wapelelezi walifanya kazi waliyopaswa kufanya, na Mkenya yeyote mwenye uchungu na kodi yake anapaswa kuwashukuru. Mkwamo ulianza pale suala la rushwa lilipogeuzwa silaha ya kambi. NARC ilikuwa inasambaratika kuwa mirengo miwili kwa sababu ya makubaliano ya kugawana vyeo ambayo upande mmoja ulidai hayakutekelezwa, kura ya maoni ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005 ikawagawa wananchi katika kambi za Chungwa na Ndizi, na kuanzia wakati huo kila aliyetaja meli alionekana ama anatetea wezi ama anaipiga serikali vita. Hakupatikana mrengo wa kisiasa uliokuwa na faida ya kusema jambo jepesi kabisa, kwamba walioiba washtakiwe na meli itathminiwe, bei yake ijadiliwe upya, kisha ama ichukuliwe ama iachwe. Meli ikabaki Hispania mwaka baada ya mwaka, uchaguzi wa 2007 ukaja na kupita na damu yake, serikali ya mseto ikaundwa, na hatimaye baada ya mazungumzo mapya KNS Jasiri ikafika Mombasa Agosti 2012, miaka tisa baada ya mkataba kutiwa saini. Kufikia wakati huo KDF ilikuwa imeshaingia Somalia tangu Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na ilikuwa imebakiza wiki chache tu kuutwaa mji wa bandari wa Kismayu, hivi kwamba sehemu kubwa ya vita ilipiganwa bila meli iliyokuwa imeagizwa muda mrefu kabla ya vita hivyo kufikiriwa.

Vita vyenyewe vilifuatwa na mvutano wa aina ile ile. Julai 2014, katika mkutano wa Saba Saba uwanjani Uhuru Park, muungano wa upinzani wa CORD ulitaka wanajeshi waondolewe Somalia, nayo serikali ya Jubilee ikajibu kwamba kuondoka ni kuwasaliti waliokufa. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito wake, na nchi ilistahili kuonyeshwa hesabu: vita vinagharimu kiasi gani kwa mwaka, sehemu gani inarudishwa kupitia ujumbe wa Umoja wa Afrika, na ni vituo vingapi vya mpakani vingeweza kuimarishwa kwa fedha hizo. Hesabu hiyo haikuwa kiini cha mabishano, kwa sababu kila upande ulikuwa umeshatosheka na kaulimbiu yake. Kisha mwezi Novemba na Desemba mwaka huo abiria wa basi na wachimba mawe waliuawa Mandera, na tarehe 18 Desemba 2014 Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama ukapitishwa katika Bunge la Kitaifa huku wabunge wakiimba, wakirarua karatasi, wakimwagiana maji na kupigana ngumi ukumbini. Rais Uhuru Kenyatta aliutia saini kesho yake, Mahakama Kuu ikasimamisha vipengele vinane tarehe 2 Januari 2015, na majaji watano wakavibatilisha tarehe 23 Februari. Wiki tano na ushei baadaye, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa.

Itakuwa ni kosa kudai kwamba sheria hiyo ingeizuia Garissa, kwa kuwa vipengele vilivyobatilishwa vilihusu zaidi uhuru wa habari, haki za washukiwa na za wakimbizi. Kinachodhihirika ni kwamba zaidi ya miezi miwili ya nguvu zote za kisiasa ilitumika kupigania maandishi ambayo yasingepita mahakamani, wakati maswali yanayohusu pesa na vifaa, kama vile usafiri wa haraka wa vikosi maalumu kutoka Nairobi kwenda kaskazini mashariki, hayakupata hata siku moja ya mjadala wenye joto kama hilo.

Zipo sababu zinazofanya fedha za ulinzi zikwame kwa urahisi kuliko za barabara au za hospitali, na ya kwanza ni usiri. Mbunge anayebishania barabara ya Kisumu kwenda Kakamega anaweza kwenda kuitazama, mwananchi anaweza kuhesabu mashimo yake, na uwongo hauwezi kuishi siku nyingi. Mbunge anayebishania mtambo wa rada au helikopta hana njia ya kuhakikisha anachoambiwa, kwa hiyo huamua kwa kumwamini au kutomwamini aliyekileta, na imani hiyo nchini Kenya hufuata chama, na chama mara nyingi hufuata kabila. Sababu ya pili ni ukubwa wa zabuni zenyewe, kwani mkataba mmoja wa silaha unaweza kubeba asilimia ya udalali inayotosha kugharimia kampeni ya uchaguzi mzima, na mrengo usiokuwa serikalini hujua hivyo. Unapopinga ununuzi, watu hushindwa kutambua kama unalinda kodi yao au unazuia wapinzani wasijaze mfuko wa uchaguzi ujao, na huenda hata wabunge wenyewe hawatambui.

Sababu ya tatu iko katika sheria, na haizungumzwi vya kutosha. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa, iwapo kumezuka hitaji lisilotarajiwa, ili mradi iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe, na kwa kawaida kiasi hicho kisizidi asilimia kumi ya fedha zote zilizoidhinishwa kwa mwaka huo. Huo ndio mlango wa bajeti ya ziada. Ulifunguliwa kwa ajili ya mafuriko, njaa na mashambulizi ya ghafla, lakini serikali inayojua kwamba ombi lake la mwezi Aprili litazua vurugu inaweza kuomba kidogo, kungoja, kisha kutumia na kuja bungeni na risiti. Upinzani unaokataa kila kitu kwa kelele huwa umeipa serikali sababu nzuri ya kuupitia mlango huo, na serikali inayoupitia kila mwaka huwa imeupa upinzani sababu nzuri ya kuendelea na kelele.

Ziwani matokeo ya haya yote yanaonekana kwa macho. Kenya inamiliki takriban asilimia sita tu ya Ziwa Victoria, na kisiwa cha Migingo, ambacho ni mwamba wenye ukubwa usiozidi uwanja mdogo wa mpira, uliofunikwa kwa mabati tangu majini hadi kileleni, kimegombaniwa na Kenya na Uganda tangu maafisa wa Uganda walipotua hapo mwaka 2004 na kuanza kuwatoza wavuvi ada. Mzozo ulipopamba moto mwaka 2009, vijana wa Kibera waling'oa reli inayoelekea Uganda, baadhi ya wabunge wakadai jeshi lipelekwe, na ndani ya serikali ya mseto ya PNU na ODM suala likageuka kipimo cha nani anawajali Waluo na nani hawajali. Uamuzi wa kawaida ambao ungefaa, yaani kutenga fedha za boti za doria, kituo cha kudumu, redio na mafuta kwa ajili ya maji ya Nyanza, haukutangulia kelele hizo wala haukuzifuata mara moja. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho kisheria kina wajibu wa kulinda maji ya bahari na ya maziwa pia, kilizinduliwa Mombasa tarehe 19 Novemba 2018, na mitumbwi ya wavuvi imeendelea kunyakuliwa hata baada ya hapo.

Msikilizaji wa Migosi anaijua bei ya jambo hili bila kusoma kitabu chochote cha bajeti. Mbuta anayevuliwa karibu na Migingo hupelekwa viwandani, minofu yake ikasafirishwa ng'ambo, na kinachobaki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, hukaangwa Obunga na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi katika vibanda vya Kondele na mitaa ya jirani. Mvuvi akinyang'anywa injini na nyavu, au akitozwa ada ya pili majini, gharama hiyo hushuka ngazi baada ya ngazi mpaka ikafika kwenye karai la mama anayekaanga, naye hana wa kumpandishia ila mteja mwenye familia ya kulisha jioni ile. Fedha za ulinzi zikijadiliwa Nairobi kama mali ya chama hiki au kile, mama huyo hatajwi hata mara moja, na hilo ni dhuluma inayopaswa kuwasumbua wabunge wa mirengo yote.

Je, tiba ni vyama kuacha kubishana? Ng'ambo ya ziwa lipo jibu. Mwaka 2011 serikali ya Uganda ilitoa takriban dola milioni 740 kutoka Benki Kuu kununua ndege sita za kivita za Su-30 kutoka Urusi pamoja na zana nyingine, fedha zikatoka kwanza, na Bunge lenye wingi mkubwa wa chama tawala cha NRM likaidhinisha baadaye. Hapakuwa na mkwamo wowote, wala hapakuwa na nafasi ya raia kuuliza kama nchi isiyo na vita vya angani ilihitaji ndege hizo kuliko dawa. Tanzania nayo, chini ya Bunge lililotawaliwa na CCM, ilinunua rada ya kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye kampuni hiyo ikalazimika kulipa takriban pauni milioni 30 zilizoelekezwa kwenye elimu nchini humo. Bunge lisilo na mabishano hupitisha upesi, na upesi huo una hasara yake.

Kenya ya sasa inahitaji kulitafakari hili kwa makini zaidi, kwa sababu imehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine katika muda mfupi. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia bungeni kupinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba KDF itawasaidia polisi, na Bunge la Kitaifa likaidhinisha kesho yake, ingawa Kifungu cha 241 cha Katiba kinaitaka idhini hiyo iwe kizuizi halisi kila jeshi linapotumwa kurejesha utulivu ndani ya nchi. Kabla ya miezi miwili kuisha, viongozi kadhaa wa ODM, chama kilichokuwa upinzani, walikuwa mawaziri katika serikali jumuishi ya Rais William Ruto, akiwemo John Mbadi, ambaye alitoka katika uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, kamati inayochunguza jinsi fedha zilivyotumika, akaenda kuiongoza Hazina ya Kitaifa inayozitoa. Mwezi Machi 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM zikatia saini mkataba wa ushirikiano. Watu wengi wa Kisumu wameyapokea mabadiliko haya kwa matumaini, na wana haki hiyo baada ya miaka mingi ya kunyimwa, lakini ni lazima isemwe wazi kwamba sauti iliyokuwa ikiuliza kuhusu fungu namba 1041 imepungua katika miaka ile ile ambayo fungu hilo limepanda kwa kasi.

Nchi zilizofanikiwa kupunguza mkwamo bila kuzima maswali zimetenganisha mambo mawili: mpango wa muda mrefu, ambao vyama hukubaliana kwa pamoja, na usimamizi wa kila mwaka, ambao hubaki uwanja wa ushindani. Denmark ina desturi ya makubaliano ya ulinzi ya miaka kadhaa yanayotiwa saini na vyama vya serikali na vya upinzani, na makubaliano ya mwaka 2023 yaliwekwa kwa kipindi cha miaka kumi, hivi kwamba uchaguzi ukibadilisha serikali, ununuzi uliokwisha kuanzishwa haufutwi. Marekani, ambayo haina mazoea hayo, huangukia mara kwa mara katika sheria za muda zinazoendeleza matumizi ya mwaka uliopita bila kuruhusu miradi mipya, na katika kufungwa kwa serikali kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 walinzi wake wa pwani walikosa mshahara huku wakiendelea na doria. Taifa tajiri linaweza kulipia upotevu wa namna hiyo. Kenya, inayokopa ili kulipa madeni, haiwezi.

Katiba ya Kenya imewakataza askari, polisi na majasusi kuegemea chama chochote, na ni vigumu kuona mantiki ya kuwadai wao utii huo ilhali fedha zao zinaamuliwa kwa kuegemea vyama. Mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ilichapisha waraka wa sera ya ulinzi, lakini waraka wa wizara hauna nguvu ya mpango wa fedha uliopigiwa kura. Kinachohitajika ni mpango wa miaka kumi unaoidhinishwa na Bunge kwa wingi unaovuka mirengo, ukitaja mahitaji ya nchi kavu, bahari na Ziwa Victoria kwa majina na kwa makadirio ya gharama. Inahitajika pia kamati ya ulinzi inayokaa faragha pale tu panapohusu siri za kweli, Spika akitoa sababu kama Kifungu cha 118 kinavyotaka. Anahitajika pia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anayefika kwenye kila mkataba mkubwa kabla ya malipo ya mwisho badala ya kuuchambua miaka mitatu baadaye. Bajeti ya ziada ya ulinzi isiyoambatana na maelezo ya dharura iliyoisababisha irudishwe ilikotoka, hata kama aliyeileta ni wa chama cha mbunge mwenyewe.

Kwa mkazi wa Migosi njia iko wazi kuliko inavyodhaniwa. Makadirio yakishafika bungeni, kamati huwaalika wananchi kutoa maoni, na mtu yeyote au kikundi chochote, kiwe chama cha wavuvi, kanisa au chama cha akina mama, kinaweza kumwandikia Karani wa Bunge la Kitaifa memoranda ambayo kamati inatakiwa kuizingatia. Memoranda hiyo haihitaji lugha ya wakili. Inatosha iulize ni boti ngapi za doria zimetengewa fedha kwa ajili ya maji ya Nyanza mwaka huu, zitakaa wapi, na nani atazilipia mafuta, kisha imtake mbunge wa eneo hilo, awe serikalini au nje ya serikali, aseme ndani ya ukumbi alipokea jibu gani.